Kosa Si la Uzi: Jinsi Nyenzo Mseto Zinavyovunjika Zinapogandamizwa

Ufagio wa chelewa haujawahi kupewa hadhi yoyote katika mijadala ya wanazuoni, ilhali ni mwalimu mwema wa jambo ambalo wahandisi wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne. Chukua chelewa moja iliyokauka vizuri, uishike ncha zote mbili na kuivuta. Si rahisi ikatike. Isimamishe wima sakafuni, kisha uibonyeze kwa kidole kutoka juu. Itapinda papo hapo, na ukizidi itavunjika. Sasa irejeshe miongoni mwa wenzake, fungu zima likatwe ncha zilingane, lifungwe kwa kamba iliyokazwa barabara toka juu hadi chini. Fungu hilo laweza kuegemewa. Ilegeze kamba, na fungu lile lile litatawanyika chini ya uzito ule ule. Chelewa hazikubadilika. Kilichobadilika kwanza ni mwelekeo wa kani, kisha ukazo wa kamba.

Nyenzo za kisasa zinazoundwa kwa nyuzi zilizozamishwa ndani ya gundi, ambazo hapa zitaitwa nyenzo mseto, zina tabia hiyo hiyo. Huhimili sana zinapovutwa, na aghalabu huhimili kidogo zaidi zinapogandamizwa. Wengi hudhani kwamba udhaifu huo ni wa uzi wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba kosa si la uzi. Uzi hushindwa kwa sababu haukulala ukiwa umenyooka, na kwa sababu gundi iliyopaswa kuushika imelegea au imebanduka. Aidha, mradi suala hili linazungumzwa kwa neno moja tu, yaani "nguvu", hata watu wenye elimu watazidi kudanganyika. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitenganisha maana hizo. Wanaokosekana ni watu wa kuyatumia.

Mfano uliotangaa kuliko yote ni wa juzijuzi. Tarehe 18 Juni 2023, nyambizi ndogo iliyoitwa Titan, mali ya kampuni ya Marekani ya OceanGate, iliteremka katika bahari ya Atlantiki kuelekea mabaki ya meli ya Titanic, yaliyolala kwenye kina cha takribani mita 3,800. Walikuwemo watu watano: Stockton Rush, mkuu wa kampuni hiyo, Paul-Henri Nargeolet, mzamiaji Mfaransa aliyeyafahamu mabaki hayo kuliko watu wengi, Hamish Harding wa Uingereza, na Shahzada Dawood pamoja na mwanawe Suleman, kijana wa miaka 19. Mawasiliano yalikatika kabla ya saa mbili kutimia tangu waanze kushuka. Siku nne baadaye mabaki ya chombo chao yalionekana kwenye sakafu ya bahari. Hakuna aliyenusurika.

Kiwiliwili cha Titan kilikuwa silinda ya nyuzi za kaboni, ukuta wake ukiwa na unene wa inchi 5, yaani karibu sentimita 13, na kila mwisho ukizibwa kwa kichwa cha titani. Katika kina cha Titanic, shinikizo la maji hukaribia mara 380 ya shinikizo la hewa ya ufuoni. Kila sentimita moja ya mraba hubebeshwa uzito wa takribani kilo 390. Ni kama kumsimamisha fahali mzima juu ya ukucha wa kidole gumba, na fahali mwingine juu ya ukucha wa pili, hadi chombo kizima kienee mafahali.

Yamkini msomaji alisikia ikisemwa wakati ule kwamba nyambizi hiyo "ililipuka". Neno hilo lilipotosha. Mlipuko huanzia ndani na kutupa vitu nje, kama jiko la gesi linavyofanya. Kilichotokea baharini kilikuwa kinyume chake: maji yaliisukuma nyumba kutoka nje, ikabomokea ndani. Kiambishi kimoja tu cha kutendea, pamoja na neno "ndani", vinatosha kumweleza msikilizaji mwelekeo wa kani, na mwelekeo huo ndio kiini cha kisa chote. Aliyesema "ililipuka" alimfanya msikilizaji atafute moto ambao haukuwako.

Nyenzo mseto ni nini basi? Si jambo geni kama linavyodhaniwa. Nyumba ya fito na udongo, ambayo imesitiri vizazi vingi vya Waswahili na majirani zao wa bara, ni nyenzo mseto. Fito husukwa na kufungwa, kisha udongo hukandikwa. Hata hivyo, ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Katika ukuta wa udongo, udongo ndio unaozoea kugandamizwa, na fito huuzuia usipasuke na kuanguka. Katika silinda ya kaboni mambo yamegeuka: nyuzi ndizo zinazobeba karibu mzigo wote, na kazi ya gundi ni kuzishika zisimame wima. Boti za faiba zinazopita kati ya Lamu na visiwa jirani ziko katika ukoo huo wa pili. Nyuzi zake ni za kioo, na gundi yake ni utomvu wa viwandani ambao ukichanganywa na dawa yake huganda ukawa mgumu.

Uzi mmoja wa kaboni una wembamba wa takribani sehemu ya kumi ya unywele wa binadamu. Ukivutwa, huweza kustahimili zaidi ya megapaskali 3,500, kiwango kinachoiacha nyuma sana chuma ya kawaida ya ujenzi. Takwimu hii hunukuliwa kila mahali, katika matangazo ya baiskeli na ya magari ya mashindano, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Takwimu ni ya kweli, lakini ni ya kuvutwa. Kitu kinachovutwa hujinyoosha chenyewe: kamba iliyolegea ukiivuta hunyooka, na kadiri unavyozidi kuivuta ndivyo inavyozidi kuwa sawa. Mafundi wa mitepe, vyombo vya kale vya pwani ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, waliitambua siri hiyo. Kamba waliipa kazi ya kuvutwa na mbao wakazipa kazi ya kubanwa. Hakuna fundi aliyejaribu kuisukuma kamba.

Kinachosukumwa hakijinyooshi. Kikianza kupinda kidogo, mzigo ule ule unaokipinda hupata nafasi ya kukipinda zaidi. Mwanahisabati Leonhard Euler alilionyesha jambo hili mwaka wa 1744 kuhusu nguzo nyembamba. Kwa mujibu wa kanuni yake, nguzo ikirefushwa mara mbili, mzigo wa kuipinda hupungua hadi robo. Uzi wa kaboni ni nguzo nyembamba kupindukia. Peke yake usingebeba chochote. Unabeba kwa sababu gundi imeuzunguka pande zote na kuuzuia usiende kulia wala kushoto.

Mwaka wa 1965, B. W. Rosen alichapisha hesabu iliyotazama nyuzi kama nguzo zilizoegemezwa kwenye gundi yenye mnyumbuko, zote zikipinda pamoja kwa mkao mmoja. Hesabu yake ilipendeza kwa wepesi, ila ilitoa majibu makubwa mno: vipande vilivyojaribiwa maabarani vilivunjika mapema kuliko alivyotabiri, tena kwa tofauti kubwa. Kulikuwa na jambo lililosahaulika. Mwaka wa 1972, A. S. Argon alilitaja. Rosen alichukulia kwamba nyuzi zimenyooka kabisa, ilhali katika kipande halisi daima kuna mahali ambapo nyuzi zimelala upande kwa nyuzi moja au mbili za pembe. Neno "nyuzi" lina ukaidi wake hapa, kwani hutumika kwa uzi na kwa kipimo cha pembe pia. Kwa hiyo aya zinazofuata zitatumia "digrii" kwa pembe. Mahali palipoinama, mgandamizo hugeuka kuwa kani ya kukwaruzanisha: uzi mmoja hutaka kuteleza ukimpita mwenziwe, na gundi iliyo katikati ndiyo inayolipa gharama. Gundi ikichoka na kulegea, nyuzi huzunguka zaidi, pembe hukua, kani ya kukwaruzanisha huongezeka, na mambo huisha kufumba na kufumbua.

Bernard Budiansky aliikamilisha hoja hiyo mwaka wa 1983 kwa kanuni inayoweza kuelezwa kwa maneno matupu. Kiwango cha kuvunjika ni uhimilivu wa gundi dhidi ya kukwaruzanishwa, ukigawanywa kwa jumla ya vitu viwili: kiasi ambacho gundi huteleza kabla ya kulegea, na pembe ya upotofu wa nyuzi. Tuseme gundi hulegea kwa megapaskali 60 baada ya kuteleza kwa kiasi cha asilimia 2. Upotofu ukiwa wa digrii 1, nyenzo itafikia takribani megapaskali 1,600. Upotofu ukiwa wa digrii 3, itafikia takribani 830 tu. Digrii mbili zaidi, ambazo jicho haliwezi kuzitambua, zimekula karibu nusu ya uhimilivu wote. Na angalia kilicho muhimu kuliko yote: katika kanuni hiyo, ukakamavu wa uzi wenyewe hautajwi popote. Ukinunua uzi ghali maradufu lakini ukaulaza kwa upotofu ule ule ndani ya gundi ile ile, kwa kipimo hiki umetupa fedha. Si ajabu basi kwamba uhimilivu wa nyenzo za kaboni zinapogandamizwa mara nyingi huwa chini ya asilimia 60 ya uhimilivu wake zinapovutwa.

Ukikichunguza kipande kilichovunjika namna hiyo kwa hadubini, utaona alama isiyokosewa. Nyuzi zimekatika kwenye mistari miwili iliyo sambamba, na baina ya mistari hiyo vipande vifupi vya nyuzi vimeinama pamoja kama majani ya mpunga yaliyolazwa na upepo wa mkondo mmoja. Upana wa ukanda huo ni mdogo, wa vipenyo kumi au ishirini hivi vya uzi. Miti nayo huwa na alama kama hiyo. Seremala mzoefu huijua mbao iliyokunjamana kwa kubanwa, na huikataa kwa kuwa itakatika ghafla hata kama haina fundo.

Gundi ikiwa ndiyo mlinzi, basi kila kinachomdhoofisha mlinzi ni adui. Joto huilainisha gundi ya epoksi, na unyevu huingia ndani yake polepole na kuilainisha zaidi. Nyenzo ikivutwa, madhara hayo hayaonekani sana, maana uzi ndio unaofanya kazi. Ikigandamizwa, yanaonekana mara moja. Ndiyo sababu watengenezaji wa ndege huzijaribu sehemu hizi zikiwa na joto na zikiwa zimelowa, wala hawaridhiki na jaribio la kipande kikavu katika chumba chenye ubaridi. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya gundi ni adui mwingine, kwani penye povu uzi hauna wa kuushika. Makunyanzi ya tabaka, kama yale ya shuka iliyotandikwa ovyo, ni adui mbaya kuliko yote kwa sababu huleta upotofu wa digrii nyingi kwa mara moja.

Kuna namna nyingine ya kushindwa, nayo ndiyo inayohusu zaidi kisa cha Titan. Nyenzo hizi hujengwa kwa matabaka yaliyogandishwa pamoja. Gundi iliyo baina ya matabaka ikiachia, matabaka hubanduka. Chukua karatasi mia za mtihani na uzisimamishe kwa upande; zitainama mara moja. Zigundishe zote, na utakuwa na ubao. Ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mche wa unene wake: bamba lenye unene mara tano hukinza mara 125. Lakini mabamba matano yaliyobandukana, kila moja likijitegemea, hukinza mara tano tu kwa jumla. Kwa kubanduka peke yake, bila uzi hata mmoja kukatika, ukuta umepoteza sehemu 24 kati ya 25 za ukinzani wake. Ukivutwa ukuta huo, huenda usitambue lolote. Ukigandamizwa, tabaka lililoachwa peke yake hubetuka, na kubetuka kwake huwabandua majirani zake.

Ndege zinatoa funzo zuri kwa kulinganisha. Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka wa 2014, zina nyenzo mseto kwa takribani nusu ya uzito wao, na zimebeba abiria wengi kwa usalama. Je, kwa nini nyenzo ile ile iruke salama na izame kwa maafa? Kiwiliwili cha ndege hujazwa hewa kwa ndani, ilhali nje hewa ni nyepesi. Ganda lake hutanuliwa, kwa hiyo nyuzi zinazolizunguka huvutwa. Nyambizi husukumwa kutoka nje, na nyuzi zake hugandamizwa. Hata hivyo, jibu hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa ngozi ya juu ya bawa la ndege nayo hugandamizwa kila inaporuka. Tofauti iliyosalia ni ya uangalifu. Wahandisi wa ndege wanajua kwamba bisibisi ikidondoka juu ya bawa inaweza kubandua matabaka ndani bila kuacha alama nje. Basi hupiga vipande vya majaribio kwa makusudi, kisha huvigandamiza ili kuona kiasi cha uhimilivu kilichobaki. Mzigo unaoruhusiwa bawani huwekwa chini ya kiasi hicho, mbali na kile cha kipande kizima kisicho na dosari.

Kwa Titan, uangalifu huo haukuwako. Ganda lake la kwanza liligunduliwa kuwa na ufa mwaka wa 2019 na kuondolewa. Ganda la pili lilijengwa kwa matabaka makuu matano ya unene wa inchi moja moja. Kila moja liliokwa, kisha makunyanzi yake yakasagwa kabla ya tabaka lingine kuzungushwa juu yake. Kusaga kunyanzi ni kukata nyuzi zilizopanda juu na kuziacha zilizopotoka chini. Vipande vilivyochunguzwa baada ya ajali vilionyesha makunyanzi, mapovu na nafasi tupu, yaani wale maadui wote waliotajwa hapo juu, katika chombo kimoja. Chombo hicho hakikuwa na cheti cha taasisi yoyote ya ukaguzi wa vyombo vya baharini. David Lochridge, aliyekuwa msimamizi wa shughuli za baharini katika kampuni hiyo, alitoa wasiwasi wake kwa maandishi mwaka wa 2018 na akafutwa kazi.

Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa na mfumo wa kusikiliza: vinasa sauti vilivyobandikwa kwenye ganda vingesikia nyuzi zikikatika, na rubani angepata muda wa kupanda juu. Utetezi huu unastahili kujibiwa kwa makini, maana si wa kipuuzi. Nyuzi hukatika kwa sauti, na sauti hizo huweza kupimwa. Lakini mkunjo wenyewe, ukishaanza, haungoji mtu. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba vyombo hivyo vilisema, ila hawakusikilizwa. Mnamo Julai 2022, katika safari ya 80, mshindo mkubwa ulisikika Titan ikiwa inapanda karibu na uso wa bahari. Vipimo vya safari zilizofuata vilionyesha kwamba ganda lilikuwa limebadilika tabia. Safari ziliendelea. Baada ya msimu huo chombo kiliwekwa nje, bila kufunikwa, katika majira ya baridi ya St. John's nchini Kanada. Safari ya mwisho ilikuwa ya 88.

Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ilitolewa Agosti 2025, na ikasema kwamba vifo vile vingeweza kuzuiwa. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilifuata Oktoba mwaka huo, nayo ikaeleza kwamba matabaka yalibanduka baada ya safari ya 80, uharibifu ukazidi katika safari zilizofuata, hadi sehemu moja ya ukuta ilipobetuka na chombo kubomokea ndani. Katika maelezo hayo, mshtakiwa si uzi wa kaboni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga, na wasomaji wengi watauona usemi huo ukikaa vyema hapa. Haukai vyema. Methali hiyo ilizaliwa katika nyumba ya udongo, ambamo ufa huonekana na huzibika kwa konzi moja ya udongo mbichi. Ufa wa nyenzo mseto umelala kati ya tabaka na tabaka, hauonekani, na ukishaingia katika ukuta mnene wa chombo cha bahari kuu hauzibiki. Ukuta hutupwa, mwingine hujengwa. Huenda ndiyo gharama iliyokimbiwa.

Wapo wanaohitimisha kwamba nyuzi za kaboni zipigwe marufuku katika kina kirefu. Msimamo huu unaeleweka baada ya vifo vya watu watano, ila historia haiungi mkono. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na chombo kisichobeba watu kilichoitwa AUSS, kiwiliwili chake kikiwa silinda ya nyuzi za kaboni na epoksi yenye vichwa vya titani, kilichosanifiwa kufika kina cha futi 20,000, yaani zaidi ya mita 6,000. Kilizama na kurudi mara nyingi. Umbo ni lile lile na uzi ni wa aina ile ile. Anayelaumu uzi atajifunza kuukwepa uzi. Anayelaumu upotofu na ubandukaji atajifunza kukagua. Funzo la pili lina faida zaidi, kwa kuwa nyuzi hizi zitaendelea kutumika angani, majini na barabarani apende asipende.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili wanapohusika. Neno "nguvu" limebebeshwa mengi: kuna nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu ya sheria, nguvu ya hoja na nguvu ya kamba. Katika mazungumzo ya kawaida si tatizo. Lakini mtu akiambiwa kwamba nyuzi za kaboni "zina nguvu kuliko chuma" huku asielezwe nguvu ya kufanyiwa nini, hajaambiwa kitu. Tena ameambiwa kitu cha hatari. Kiswahili hakina udhuru, maana kitenzi chake kinaweza kubeba habari hiyo bila kelele. Kuvutwa, kusukumwa, kubanwa, kugandamizwa, kusokotwa, kukwaruzanishwa: kila kimoja kinataja adha tofauti. Kupinda, kukunjika, kubetuka, kubonyea, kubanduka, kupasuka, kukatika: kila kimoja kinataja mwisho tofauti. Mhandisi hutumia kurasa nyingi kuwafundisha wanafunzi wake tofauti ambazo fundi wa makuti anazo tayari kinywani.

Ni kweli kwamba kazi ya istilahi imefanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliipa lugha hii hadhi ya kuwa rasmi pamoja na ya taifa. Lakini orodha ya istilahi bila maandishi ya mfululizo ni fito bila udongo. Istilahi haijui imekusudiwa kubeba nini hadi iwekwe ndani ya sentensi, sentensi ndani ya aya, na aya ndani ya hoja ambayo mtu anaweza kuipinga. Idara za Kiswahili huzalisha tasnifu nyingi kuhusu uundaji wa istilahi, na makala machache mno yanayozitumia istilahi hizo kueleza jambo lolote.

Atatokea mtu aseme kwamba wahandisi husoma Kiingereza, kwa hiyo juhudi hii ni ya bure. Wahandisi wanasoma, ndiyo. Lakini anayeziba boti ya faiba ufuoni kwa kitambaa cha kioo na kopo la utomvu si lazima awe mhandisi, na abiria watakaoipanda si wahandisi. Fundi huyo anahitaji kuambiwa kwa nini apitishe rola hadi mapovu yatoke, kwa nini kitambaa kisiachwe na kunyanzi hata moja, na kwa nini kiraka kinachoonekana kigumu kinaweza kubanduka siku boti itakapopigwa na wimbi na upande mmoja ukagandamizwa. Ukimwambia tu "faiba ina nguvu", umemnyima yote hayo.

Kuhusu maneno yenyewe, machache yanahitaji kuamuliwa. "Kubanduka" kwa matabaka halina mpinzani. Kila aliyewahi kuona rangi ikiachana na ukuta analo. "Kubetuka" linafaa kwa tabaka au nguzo inayotoka katika mstari wake kwa kusukumwa ncha, kwa sababu hutaja mwendo wa kwenda upande bila kudai kwamba kitu kimevunjika. Ugumu uko kwenye ule ukanda mwembamba wa nyuzi zilizoinama pamoja. Makala haya yanapendekeza "ukanda wa mkunjo". Wanaopendelea "mpindo" wana hoja ya wepesi, ila wakumbuke kwamba kilichopinda huweza kunyooshwa kikarudi kuwa kizima, na ndani ya ukanda huu kila uzi umekatika mara mbili, mpakani huku na mpakani kule.